Shimo Kwenye Shati la Mheshimiwa

Kitu cha kwanza alichokiona ni ncha. Wengine waliona shimo, na shimo lenyewe halikuwa dogo, lakini macho yake yeye yalikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya ile alama ya kahawia, akaona imeelekea chini kwenye pindo la shati, si juu kwenye kola.

Shati lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, mali ya diwani wa kata, na pasi ilikuwa imelipiga muhuri katikati ya mgongo. Katikati ya muhuri, pale pasi ilipokaa zaidi, kitambaa kilikuwa kimeliwa na moto kiasi cha kupitisha ngumi. Shangazi, mwenye duka la dobi, alilinyanyua mbele ya dirisha na kuwatazama wafanyakazi wake kwa jicho moja kupitia shimo lile.

"Nani?" akauliza.

Sasa, meza ya kupigia pasi katika duka lile ilikuwa imesukumwa ukutani, dirisha likiwa upande wa kushoto, na Shangazi alikuwa na sheria moja tangu siku aliyofungua mlango: kola ielekee dirishani, ili mwanga uumbue uchafu uliobaki shingoni. Mtu akisimama pale na pasi mkono wa kulia, ncha huelekea kushoto, yaani dirishani, yaani kwenye kola. Hana namna nyingine, labda avunje kiwiko. Ili ncha ielekee kwenye pindo, pasi lazima iwe imeshikwa kwa mkono wa kushoto. Na mkono wa kushoto wa kupigia pasi ulikuwa mmoja tu dukani, nao saa hiyo ulikuwa umejificha chini ya aproni ya mwenyewe.

Mwenyewe, binti yule yule aliyeiona ncha, walimwita Kimya. Jina alipewa wiki yake ya kwanza kazini, kwa sababu wiki nzima alisema "hodi" siku ya Jumatatu na "haya" siku ya Jumamosi, na katikati hapakuwa na neno. Shangazi alikuwa shangazi yake wa damu, dada wa baba yake. Wengine walimwita Shangazi kwa kuiga tu, hadi na mtoza ushuru naye akaiga.

Wafanyakazi wengine walikuwa wawili. Mama Povu, mfuaji, ambaye mikono yake ilishinda ndani ya beseni na ulimi wake ukishinda nje, hakuwa amegusa pasi tangu ilipomwangukia kidole cha mguu. Na Mvuke, mpiga pasi. Mvuke alitoka ng'ambo ya mpaka, na alikuwa dukani mwaka wa sita. Wateja walimwita Mgeni. Watoto waliozaliwa mtaani baada ya yeye kufika walikuwa wenyeji tayari, wanakwenda shule, wanatukana kwa ufasaha. Yeye bado alikuwa Mgeni. Lugha yetu aliiongea kana kwamba kila neno amelipiga pasi kwanza, halina kunyanzi hata moja, na hilo ndilo lililomsaliti kila alipofungua mdomo.

Basi Shangazi alipouliza nani, Mama Povu alimtazama Mvuke. Shangazi naye akamtazama Mvuke. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Shingo zilikuwa zimezoea tu kugeukia upande ule, kama mlango uliolegea bawaba.

Kimya alifungua mdomo. Ukaingia upepo. Akaufunga.

Mvuke alilichukua shati, akalitandaza mezani. Kimya alimwona macho yakianzia shimoni, yakashuka na ile alama polepole hadi kwenye ncha, yakasimama. Kisha yakanyanyuka, yakapita kwenye aproni yake bila kutua, yakaenda zake dirishani.

"Pasi ni moto, Shangazi," alisema. "Pole sana."

Hakusema ndiyo wala siyo. Lakini watu wakishamtazama mtu, "pole" hugeuka kuwa saini ya kukiri.

Usidhani Kimya alikuwa mwoga wa kila kitu. Hata nyoka alikuwa anamuua mwenyewe. Kilichomshinda ni sauti yake mwenyewe mbele ya watu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na sehemu katika hilo. Darasa la kwanza hadi la tano mwalimu mmoja alikuwa akiuchapa ule mkono kila uliposhika kalamu, na darasa la sita Kimya hakulifikia. Alikuwa ameshaamua kwamba vitu viwili ni vya kuficha: mkono na mdomo.

Alipoanza kazi kwa Shangazi, alipiga pasi kwa mkono wa kulia, na ikawa balaa. Akiiba kidogo kwa mkono wa kushoto, waya uliotoka ukutani upande wa kulia ulimzunguka kiuno, ukamfunga kama mzigo wa kuni. Mashati yakatoka yamenyooka mgongoni na mabega yamekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Shangazi aliguna mara tatu. Mvuke hakuguna. Kesho yake Kimya alipofika alikuta kulabu imepigiliwa darini, juu ya katikati ya meza, na waya wa pasi umepitishwa humo, unaning'inia kama mzabibu. Ukitaka kulia, unakuja kulia. Ukitaka kushoto, unakuja kushoto. Mvuke alikuwa pembeni anakunja foronya na kujisemea kwamba waya wa ukutani ulikuwa unamsumbua mgongo. Mgongo ule haukuwa umesumbuliwa na kitu kwa miaka minne.

Tangu siku ile mkono wa kushoto wa Kimya ukapata kazi, na kazi ikaupenda. Hivyo mjue moyo wake ulikuwa unamdai deni gani alipolitazama lile shati. Mjue pia kwamba siku lilipoungua, Mvuke hakuwepo hata ndani. Alikuwa uani anaanika mashuka. Kwa nini pasi ilisimama pale muda wote ule, hilo alilijua Kimya peke yake, na alilikalia kama kuku.

Walitegemea diwani angekuja amefura. Diwani alikuja kesho yake anatabasamu.

Uchaguzi ulikuwa umebaki wiki tatu. Kiwanda cha magunia, kilichokuwa kinalisha nusu ya mtaa, kilikuwa kimefungwa tangu mwaka jana. Wenye kiwanda waliondoka na mashine, wakaacha geti na mlinzi wa kulinda geti. Ovaroli za kiwanda ndizo zilizokuwa zinajaza mabeseni ya Mama Povu, na kaka yake Kimya ndiye aliyekuwa anavaa mojawapo. Siku hizi kaka alishinda kibarazani akichonga vijiti vya meno ambavyo hakuna aliyeviomba. Watu walikuwa wanauliza maswali, na diwani alikuwa anatafuta jibu fupi. Gari lake la matangazo lilipita mtaani kila siku saa nne asubuhi, likisema jibu hilo kwa spika mbili: wageni.

Alipoliona lile shimo, akauliza limefanywa na nani, na Mama Povu, ambaye ulimi wake haukungoja ruhusa, akasema, "Huyu kaka yetu wa pasi, bahati mbaya tu, Mheshimiwa," basi diwani alilipokea shati kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kichanga. Hakutaka fidia. Alitaka lisikunjwe.

Mkutano wa kwanza shimo lilikuwa shimo la shati. Alilipeperusha jukwaani, akasema: mnaona, tunawapa kazi, wanatuunguzia nguo. Watu wakacheka. Mkutano wa pili shimo likawa bei ya sukari. Wa tatu likawa maji ya bomba, na fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na duka la Shangazi, akaapa kwamba kwa macho yake alimwona Mheshimiwa akichungulia shimoni na kuwaambia watu anaona mabomba makavu kwa upande wa pili. Wiki ya pili lilikuwa na ukubwa wa kumeza kiwanda kizima na geti lake. Mama Povu, aliyekuwa haachi mkutano, alikuwa akirudi kutoa taarifa, na kila taarifa ilimkuta Mvuke ameinamia kola ya mtu.

"Leo umefanya nini?" Shangazi alikuwa akimuuliza, ili kupunguza uzito.

"Leo nimepandisha nauli," Mvuke alijibu, akanyunyiza maji. "Kesho nitapumzika. Kuharibu nchi peke yangu kunachosha."

Walicheka wote. Kimya naye alicheka, kisha akaenda kujifanya anatafuta vifungo chini ya meza.

Lakini wateja walianza. Mmoja alileta suruali na kuomba isiguswe na Mgeni. Wa pili akaomba hivyo, na wa tatu, na kufikia Alhamisi Shangazi ilibidi amweke Mvuke kwenye beseni na Mama Povu kwenye pasi. Mama Povu alipiga pasi kama anayeua mende. Suruali zikatoka na mistari miwili kila mguu. Mwalimu mkuu mmoja alitembea siku nzima kama anafuata reli. Siku ya tatu wale wale waliosema isiguswe na Mgeni walianza kupitia mlango wa uani, mmoja mmoja, suti ikiwa chini ya kwapa, wakinong'ona kwamba kuna harusi, kuna usaili, na kama yule bwana ana nafasi kidogo, lakini tafadhali isisemwe. Uani pakawa na foleni kuliko mbele.

Ndipo ikaja barua kutoka kwa diwani. Jumamosi alasiri mkutano wa kufunga kampeni utafanyika kwenye uwanja ulio mbele ya duka. Mwenye duka atapanda jukwaani na kutangaza kwamba amemwondoa mfanyakazi wake mgeni na kuajiri mwenyeji. Asipofanya hivyo, mapazia ya ofisi ya kata na sare za wafagiaji zitatafuta dobi mwingine. Baada ya ovaroli za kiwanda kuondoka, mapazia na sare ndivyo vilivyokuwa vimebaki kuwalisha watu wanne.

Shangazi aliisoma mara mbili, akavua miwani. Mwenye nyumba aliyempangisha Mvuke chumba alikuwa amepata barua yake pia, ya kumtaka amtoe.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Shangazi alisema, bila kumtazama mtu. "Huyu nilimpa jembe siku ya kwanza. Miaka sita analima. Sasa niseme nini?"

Mvuke alisema tu kwamba angependa kumaliza mashuka kwanza.

Mashuka hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule, mnavuta, mnakung'uta, halafu mnakutana katikati kupeana pembe, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Ijumaa ile mchana Mvuke na Kimya walikuwa na mashuka ishirini na mawili ya nyumba ya wageni. Maana yake ni kwamba walikutana uso kwa uso zaidi ya mara arobaini, na kila walipokutana Kimya alikuja na neno mdomoni, na kila aliporudi nyuma alirudi nalo.

Shuka la kumi na tano Mvuke akamwonea huruma.

"Usiseme," alimwambia taratibu, akipokea pembe. "Ukisema, watakuita mzembe, na wewe una jina moja tu. Mimi wameshaniita kila kitu. Neno moja zaidi halina uzito."

Wakavuta, wakakung'uta.

"Kwa nini unakubali?" Kimya alisema. Lilikuwa swali refu kuliko yote aliyowahi kumuuliza.

Mvuke alirudi nyuma na pembe zake, akasimama kule bila kuvuta. Akamsimulia kwamba kwao kuliwahi kukauka mto. Watu walikuwa wamehamia bondeni kutoka milimani, wachache, wenye mbuzi wachache, na mtu mmoja mwenye kiti chake akasema wale mbuzi ndio wameumaliza mto. Wanakijiji wakakusanyika wakapiga kelele mpaka wale watu wakafunga mizigo. "Mimi nilikuwa mbele," alisema. "Nilikuwa kijana, nina sauti nzuri. Wakaondoka. Mto haukurudi. Mwaka uliofuata mimi ndiye niliyefunga mzigo." Akavuta shuka, likanyooka. "Kwa hiyo ninaposikia lile gari saa nne, naijua ile sauti. Ni yangu, wameipandisha tu kwenye spika."

Kimya akatembea hadi katikati, akampa pembe. Kuhusu ile saa nne ya gari alikuwa na la kusema kuliko mtu yeyote duniani, na shuka likaisha.

Jumamosi uwanja ulijaa. Spika zilifungwa kwenye mti wa umeme, viti vya plastiki vikapangwa, na kwa kuwa jukwaa lilikosa meza, vijana wa kampeni waliingia dukani bila hodi wakaibeba meza ya kupigia pasi, wakaiweka mbele ya umati, wakatandika kitambaa cha maua na kuweka chupa ya maji ya Mheshimiwa. Shangazi aliitazama meza yake imevaa maua kama mtu anayemwona mumewe kwenye harusi ya mwanamke mwingine.

Diwani alipanda, amevaa shati jeupe jipya. Kimya, akiwa mlangoni, alilitazama lile shati akajua. Kola ilikuwa imesimama bila ukali, mabega yamelala kama maji, na mshono wa begani ulikuwa umepigwa pasi upande wa ndani kwanza. Duniani kuna mtu mmoja anayefanya hivyo. Alimgeukia Mama Povu, na Mama Povu akamnong'oneza kwamba dereva alilileta asubuhi, mlango wa uani.

Hotuba ilikwenda vizuri. Shati lililoungua lilinyanyuliwa kwa mikono miwili, uwanja ukapiga makofi kama unapomwona mchezaji unayemjua. Kupitia shimo hili, alisema diwani, zimepita ajira zetu. Kupitia shimo hili limepita gunia letu, sukari yetu, maji yetu. Fundi viatu, kutoka kibandani, akauliza kwa sauti kama na mabati ya zahanati yaliyopotea mwaka juzi yalipita humo humo au yalihitaji shati kubwa zaidi. Waliokuwa karibu wakacheka. Diwani akajifanya spika inakoroma.

"Sasa," akasema, "dada yetu mwenye duka anakuja mwenyewe kuwaambia alichoamua."

Shangazi aliinuka. Alitembea kuelekea mbele kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Mvuke alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, begi lake miguuni, lile lile alilokuja nalo. Shangazi alishika kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu," akakohoa tena.

Kimya alijiona anatembea. Baadaye alisema hakujua nani aliiambia miguu. Alikuwa ameingia dukani na kutoka, na mkononi alikuwa na pasi, baridi, waya umekunjwa juu ya mpini. Alipita katikati ya viti. Alipofika mezani aliinua chupa ya maji ya Mheshimiwa, akaiweka chini. Akavuta kitambaa cha maua, akakikunja mara nne, maana kutupa kitambaa ovyo hakuwezi. Kisha akanyoosha mkono kwa diwani, akimwomba shati kama anavyowaomba wateja wote, bila neno.

Diwani alidhani ni sehemu ya sherehe. Akampa.

Alilitandaza mezani, mgongo juu. Dirisha lilikuwa limebaki dukani, lakini meza ilikuwa na mikwaruzo ya miaka, na kila aliyefanya kazi pale alijua upande gani ni wa kola. Akaigeuza kola huko. Akasimama mahali pake. Akaishika pasi kwa mkono wa kulia, akajaribu kuilaza juu ya ile alama.

Haikukaa. Ncha ilikwenda kwenye kola, alama ilielekea kwenye pindo. Akajaribu kuizungusha, kiwiko kikapinda kama cha kuku aliyefungwa, na watoto waliokuwa mbele wakacheka. Akamtazama Mvuke, akamwita kwa kidole. Mvuke alitikisa kichwa. Akamwita tena. Mvuke akaja, akaishika pasi kwa mkono wa kulia kama alivyoishika miaka sita, akailaza. Ncha ikatazama kola. Alama ikatazama pindo. Pasi na alama zilikuwa kama watu wawili waliogombana kitandani.

"Hee," akasema Mama Povu, taratibu, kisha kwa sauti. "Hee, jamani. Mimi nilimtazama mtu. Alama sikuitazama."

Shangazi alivaa miwani. Akainama juu ya shati, miaka yake yote ya kazi ikamrudia usoni kwa mpigo, na alipoinuka hakumtazama Mvuke wala diwani. Alimtazama mpwa wake.

Kimya alichukua pasi kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote wa mtaa, na wengine walikuwa wamesoma naye. Akailaza juu ya alama. Ikaingia kama mguu unavyoingia kwenye kandambili yake, tumbo, mabega na ncha.

Wapiga pasi wa majumbani, na walikuwa wengi kuliko alivyowafikiria diwani, walianza kuelezana kwa mikono, wakipiga pasi hewani, kulia, kushoto. Fundi viatu ndiye aliyelisema kwa wote.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema. "Mheshimiwa, kwa hiyo sukari imepandishwa na huyu binti? Maana kaka yake ni mimi ninayemwazima kisu cha kuchongea vijiti, na sijaona sukari kwao."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma na kuja mbele kama maji yaliyomwagika. Diwani alinyanyua mikono. Hakuwa mjinga, alijua mtu akianza kuchekwa, dawa ni kumpa mwingine achekwe. Akasema, hata kama, ni nani aliyemfundisha binti huyu kazi? Si mgeni? Lakini sauti ilikuwa imepungua wanga, na alijua. Basi akabadilisha. Akamsogelea Kimya, akainama kwa upole wa baba, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Shangazi, akampelekea hadi mdomoni, ili watu wote wasikie mzembe ni nani.

"Binti," alisema, "pasi haiunguzi shati kwa sekunde. Ulikuwa unafanya nini muda wote huo?"

Kipaza sauti kilinusa mdomo wa Kimya. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kwenye mti wa umeme, kubwa kama ya ng'ombe. Nyuma yake Mvuke alisema kwa sauti ya chini, "Acha, mdogo wangu." Mbele, mstari wa tatu, kaka yake alikuwa amekaa na kijiti mdomoni, amesahau kukitafuna.

"Ilikuwa saa nne, Mheshimiwa," Kimya alisema, na spika mbili zikasema naye. "Gari lako lilikuwa linapita. Lilisema wageni ndio waliomnyang'anya kaka yangu kazi. Mvuke alikuwa uani, anaanika. Nikasimamisha mkono, nikakusikiliza. Na mpaka moshi uliponifika puani, nilikuamini."